Kupima Maneno Yaliyoandikwa: Somo la Ng'ombe na Mchanga wa Ukamba

Mtu apitaye sokoni Mwala, au Masii, au Wamunyu, hukutana na maandishi mengi kabla hajanunua hata kibaba kimoja cha mbaazi. Ukutani pamebandikwa tangazo la kuchanja ng'ombe. Kando yake pana picha ya mtu aliyegombea kiti miaka iliyopita akashindwa, naye angali anacheka. Juu ya mfuko wa mbegu pameandikwa ya kwamba mahindi haya huvumilia ukame. Na mkononi mwa kijana aliyeegemea nguzo pana simu, ndani yake habari ya kutisha isiyo na jina la mwandishi wala tarehe. Yote hayo yanamwita mpita njia, na kila moja lamtaka afanye jambo: alete ng'ombe, apige kura, atoe fedha, aogope.

Maandishi ya namna hii huitwa maandishi ya mambo halisi, maana si hadithi za kubuni wala si mashairi. Lakini msomaji asidanganywe na jina hilo. Kusema ya kwamba maandishi ni ya mambo halisi si kusema ya kwamba yote yaliyomo ni kweli. Asimuliaye hadithi ya sungura na fisi hamfichi mtu ya kuwa anasimulia hadithi. Mwenye tangazo hasemi neno. Kwa hiyo ajuaye kusoma herufi tu hajamaliza elimu ya kusoma. Imebaki nusu ya pili, nayo ni kupima. Nani ameandika? Anataka msomaji afanye nini? Ameonyesha nini, na amenyamazia nini?

Somo hili laweza kufundishwa kwa mifano mingi, lakini watu wa Mwala na wa Machakos yote wana mfano wao wenyewe, ulio bora kuliko mingi iliyomo vitabuni. Katika muda usiofika miaka 60 nchi yao iliandikwa katika taarifa ya serikali, katika malalamiko ya wafugaji, katika barua ya gazeti, na katika kitabu cha wataalamu. Maandishi ya namna nne juu ya vilima vile vile. Na katika mambo makubwa hayakupatana.

TAARIFA

Mwaka 1937 Colin Maher wa idara ya kilimo aliandika taarifa juu ya kumomonyoka kwa udongo na matumizi ya ardhi katika rizavu ya Wakamba ya Machakos. Mwaka huo huo zilipigwa picha za vilima vilivyobaki vitupu na makorongo yaliyokatwa na maji ya mvua. Mambo yenyewe hayakuwa uzushi. Nzige na ukame vilikuwa vimepita, majani yalikuwa yamekwisha malishoni, na udongo ulikuwa ukichukuliwa na mito kila mvua inyeshapo. Mzee yeyote wa siku zile angeweza kushuhudia.

Taarifa ni namna ya maandishi inayopenda kuonekana haina upande. Haipigi kelele, haisihi, haitukani. Huhesabu. Husema ng'ombe ni wangapi, ekari ni ngapi, mvua ni inchi ngapi. Nguvu yake yote imo katika upole huo, maana msomaji aonaye tarakimu hudhani hapana mtu nyuma yake. Lakini yuko mtu, naye ndiye aliyechagua kipi kihesabiwe. Taarifa ikihesabu ng'ombe wa Wakamba bila kutaja ardhi iliyokuwa nje ya mpaka wa rizavu, kama vile vilima vya Mua vilivyokwisha kutolewa kwa walowezi, hesabu yake yaweza kuwa sahihi na hukumu yake ikawa na kasoro.

Tena lipo jambo la lugha, ambalo msomaji wa Kiswahili huliona upesi akionyeshwa. Waandishi wa ofisini hupenda kusema kwa namna hii: imeonekana ya kuwa mifugo imezidi, imeamuliwa ipunguzwe. Imeonekana na nani? Imeamuliwa na nani? Kitendo kimebaki, mtendaji ametoweka. Na litazamwe lile neno kupunguza. Mtu hupunguza chumvi katika mchuzi, hupunguza matawi ya mti. Ni neno la busara, halina machozi. Mtu aliyetolewa ng'ombe zizini hasemi amepunguziwa, husema amenyang'anywa. Ng'ombe ni yule yule. Mwenye kuchagua neno ameshinda nusu ya shauri kabla hajaleta shahidi hata mmoja.

Sasa yaangaliwe matokeo. Watawala waliosoma taarifa za namna hiyo waliamua ng'ombe wa Machakos wauzwe kwa amri, na katika mwaka 1938 kazi hiyo ilifanywa kwa nguvu: ng'ombe walikamatwa wakapigwa mnada kwa bei ndogo. Karibu na wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imefungua kiwanda cha nyama kule Athi River, kilichohitaji ng'ombe wengi wa bei nafuu. Jambo hilo peke yake halithibitishi ya kwamba taarifa za udongo zilikuwa za uongo, wala mtu asiruke upesi hivyo. Lakini msomaji mwangalifu huuliza siku zote nani atanufaika iwapo shauri hili litafuatwa.

Hapa ndipo penye kiini cha somo lote. Kila hoja ina sehemu tatu. Kuna dai, yaani jambo ambalo mwandishi anataka likubaliwe. Kuna ushahidi, yaani mambo anayoyaonyesha. Na katikati yake kuna daraja, yaani sababu ya kusema ya kwamba ushahidi ule unatufikisha kwenye dai lile. Waandishi wabaya hukosa ushahidi, na kosa lao huonekana na kila mtu. Waandishi hodari hukosea katika daraja, na kosa lao halionekani, maana daraja mara nyingi haliandikwi kabisa. Msomaji huvushwa amelala. Udongo unakwisha: huo ni ushahidi, nao ulikuwa wa kweli. Ng'ombe wauzwe kwa nguvu: hilo ni dai. Daraja lilikuwa wapi? Lilikuwa katika wazo lisilosemwa, ya kwamba hapana dawa nyingine ya udongo ila kuondoa mifugo, na ya kwamba Mkamba hawezi kuitunza ardhi yake mwenyewe asipolazimishwa. Mawazo hayo mawili hayathibitishwi na picha ya korongo, hata zikipigwa picha mia.

MALALAMIKO

Wakamba waliunda chama kilichoitwa Ukamba Members Association, na kiongozi wake aliyejulikana sana alikuwa Muindi Mbingu wa Ngelani. Mwishoni mwa Julai 1938 watu, waume kwa wake pamoja na watoto, walikwenda Nairobi kumtaka Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, awarudishie ng'ombe wao. Hesabu ya watu hao hutajwa kwa namna mbalimbali, kila mwandishi na yake, ijapokuwa wote hukubali ya kwamba walizidi elfu moja. Hilo nalo ni funzo: msomaji akikuta idadi moja tu iliyoandikwa kwa uhakika mkubwa, na aulize ilihesabiwa na nani, akiwa amesimama upande gani wa barabara.

Walikaa mjini kwa majuma kadhaa. Mwezi wa Agosti Gavana alifika mwenyewe Machakos barazani. Baadaye Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, mbali na watu wake. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake, na wengi wapitao humo hawajui ya kwamba ni jina la mtu aliyegombea ng'ombe.

Maandishi ya malalamiko, au hati ya maombi, hayafanani na taarifa hata kidogo. Taarifa humficha msemaji. Hati ya maombi humtanguliza. Huanza kwa kumtaja mkubwa anayeombwa, kwa cheo chake na kwa heshima yake, maana aombaye hamwanzi mwenziwe kwa kofi. Hufuata kusema waombaji ni nani. Halafu huja mambo yaliyotendeka kwa taratibu ya siku zake, kila jambo na mahali pake. Mwisho huwekwa ombi. Desturi hii si ngeni kwa Mkamba. Mzee adaiye ng'ombe mbele ya nzama, yaani baraza la wazee, haanzi kwa kulia. Husema ni ng'ombe yupi, wa rangi gani, alitolewa lini, mbele ya nani. Na akishamaliza hayo, hata asipolia, wasikilizaji wamekwisha kumhurumia.

Kosa la maombi mengi ni kuomba mambo kumi kwa pamoja, barabara na shule na zahanati na kodi na chifu mwingine, hata mkubwa akapata nafasi ya kujibu lile lililo jepesi na kuyaacha yaliyobaki. Ombi la mwaka 1938 lilikuwa jepesi kushikwa: ng'ombe warudishwe na mnada ukome. Mtu hawezi kulijibu nusu.

Aristotle, mwalimu wa Kiyunani aliyeandika juu ya elimu ya usemaji zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha ya kwamba njia za kumvuta msikilizaji ni tatu: tabia ya msemaji mwenyewe, moyo wa msikilizaji, na hoja yenyewe. Zote tatu zilikuwako Nairobi mwaka ule. Tabia ilionekana kwa jinsi watu walivyoketi pamoja na watoto wao, wakingoja. Moyo uliguswa kwa sababu ng'ombe kwa Mkamba hakuwa nyama tu. Alikuwa maziwa ya mtoto, mahari ya kijana, na akiba ya mwaka wa njaa. Na hoja ilikuwa wazi, ya kwamba mtu aliyeuziwa mali yake kwa bei asiyoikubali hakuuza, bali ameondolewa mali yake. Pia Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la K.A.R. na katika polisi, na serikali ililijua hilo vizuri bila kuandikiwa.

Wako waalimu wanaofundisha ya kwamba kuugusa moyo wa msomaji ni hila, na ya kwamba mwandishi mwadilifu hutumia akili peke yake. Fundisho hilo si sawa. Mtoto akikosa maziwa, kulisema jambo hilo kwa baridi ni uongo wa namna yake. Kipimo ni hiki: maneno ya uchungu yakiondolewa yote, je, kinabaki kitu? Yakiondolewa katika habari ya mwaka 1938, hubaki ng'ombe, mnada, bei na tarehe. Yakiondolewa katika habari nyingi zinazopita simuni, hubaki kelele.

Hata hivyo haki itendwe kwa pande zote mbili. Mtu yeyote aliyetaka kuwatetea wafugaji wakati ule alikuwa na jambo moja gumu mbele yake, nalo ni udongo. Makorongo yalikuwako. Mtetezi aliyeyapita kimya alimwachia mpinzani wake silaha iliyo bora kuliko zote. Mtetezi mwenye akili angeyataja yeye kwanza, akakubali ya kwamba ardhi ni mgonjwa, kisha akasema dawa iliyoletwa siyo.

BARUA YA GAZETI NA KITABU

Mwaka huo huo wa 1938 Jomo Kenyatta, aliyekuwa akikaa Uingereza, aliandika barua katika gazeti la Manchester Guardian juu ya ng'ombe wa Wakamba. Barua ya gazeti haimwombi mkubwa. Huwaambia watu wengine ili wao wamwulize mkubwa. Na msomaji wa Manchester hakujua Iveti wala Mwala, wala hakujua kwa nini mtu mwenye ng'ombe 20 ajione amekuwa maskini akibakiwa na 5. Aandikaye kwa watu wa mbali hana budi kueleza jambo ambalo nyumbani halielezwi. Basi jambo la kwanza la kujua kabla ya kushika kalamu ni nani atakayesoma.

Maandishi ya nne yalikuja baada ya miaka mingi. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya wilaya ya zamani ya Machakos, pamoja na sehemu ambayo sasa ni Makueni. Walizichukua picha zilizopigwa mwaka 1937, wakaenda mahali pale pale, wakapiga nyingine. Palipokuwa pamekatika mabonde matupu, mahali pengi palikuwa na matuta, miti na mashamba. Watu walikuwa wameongezeka kutoka kadiri ya 240,000 mwaka 1932 hata kadiri ya 1,400,000 mwaka 1989, na hata hivyo udongo ulikuwa umeshikwa zaidi, si kupungua zaidi. Kazi hiyo ilifanywa sana na wakulima wenyewe, wengi wao wanawake, katika vikundi vya mwethya; wakachimba matuta yale yaitwayo fanya juu, kwa sababu udongo utolewao mtaroni hutupwa upande wa juu. Matuta yenyewe hayakupendwa siku zote. Yalipokuwa ya kulazimishwa, kabla ya Uhuru, wengi waliyachukia. Yalipokuwa yao wenyewe, waliyachimba.

Basi lile daraja la mwaka 1937 lilijaribiwa kwa uzito wa watu zaidi ya milioni, likavunjika. Njia nyingine ilikuwako.

Lakini msomaji asikipokee kitabu cha mwaka 1994 kwa mikono miwili kwa kuwa tu kimempendeza. Picha mbili zilizowekwa pamoja, ya zamani na ya sasa, ni ushahidi wenye nguvu sana machoni, na kwa hiyo zahitaji kuulizwa maswali: kwa nini pamechaguliwa hapa, wala si kule? Picha ilipigwa wakati wa mvua au wa kiangazi? Mtaalamu mwingine, John Murton, aliandika mwaka 1999 ya kwamba faida haikuwafikia watu wote sawasawa; jamaa zilizopata mishahara ya mjini zilikuwa na fedha za kutengeneza shamba, na wasio na mishahara walibaki nyuma. Hakukanusha matuta. Aliuliza ni ya nani. Hiyo ndiyo adabu ya kubishana kwa maandishi.

INSHA YA MCHANGA

Kusoma na kuandika ni kazi za mkono mmoja. Mwanafunzi wa Mwala akipewa insha yenye kichwa kisemacho, "Uchotaji wa mchanga mitoni ukomeshwe. Jadili," amepewa jambo lililo karibu naye kuliko ng'ombe wa mwaka 1938. Mchanga wa mito ya Machakos huchukuliwa kwa malori kwenda kujenga Nairobi, na mito yenyewe ni mito ya msimu, ambayo miezi mingi haina maji yanayoonekana.

Wanafunzi wengi huanza hivi: mchanga ni kitu muhimu sana kwa binadamu tangu zamani za kale. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, wala haina kitu. Ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajaona mto. Ifutwe. Mwanzo wa insha ya hoja una kazi mbili tu: kumwonyesha msomaji jambo lililopo, na kumwambia mwandishi anasimama wapi. Mwanafunzi angeweza kuanza kwa mwanamke aliyezoea kufukua shimo mtoni wakati wa kiangazi akapata maji kwa kina cha mkono, ambaye sasa hufukua mpaka afikie mwamba mkavu. Baada ya hapo aseme dai lake kwa sentensi moja.

Na dai liwe la ukubwa unaoweza kubebwa. Kusema uchotaji wote ukomeshwe kila mahali ni dai zito, maana hata shule ya mwanafunzi huyo ilijengwa kwa mchanga. Kusema usichotwe karibu na mahali pa kutekea maji, na penginepo uchotwe kwa kipimo, ni dai jepesi zaidi na lenye nguvu zaidi. Vijana wengi huona haya kupunguza dai lao. Hudhani ni woga. Sivyo. Mkulima hapakii gunia nane juu ya punda mmoja kwa sababu ya kuonyesha ushujaa.

Kisha ije sababu, kila sababu na aya yake. Iliyo kubwa hapa ni ya maji, nayo yataka kuelezwa taratibu. Mchanga wa mtoni si taka iliyoachwa na mafuriko, bali ni ghala. Katikati ya chembe zake pana nafasi, na mchanga ulioshiba huweza kubeba maji zaidi ya robo ya ujazo wake. Jua huyafikia maji ya juu tu. Yaliyo chini hukaa hata miezi ya kiangazi. Ndiyo sababu katika Machakos, Makueni na Kitui watu wamejenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege hukatizwa mtoni, mvua za misimu hujaza mchanga nyuma yake, na mchanga ule hushika maji. Mwanafunzi akilieleza hilo vizuri, daraja lake limekwisha kujengwa. Msomaji ataona mwenyewe ya kwamba lori likiondoka na mchanga limeondoka na kisima. Huo ni mfano, na mfano mmoja uliokaa mahali pake hutosha. Ikiongezwa mingine mitatu huharibu ule wa kwanza.

Kazi iliyo ngumu ni aya ya mpinzani. Vijana wanaopakia mchanga hulipwa siku ile ile, na wengi wao hawana kazi nyingine. Mwandishi dhaifu huwaita wezi, akaendelea. Lakini kumtukana mtu si kuijibu hoja yake, na jirani asomaye insha hiyo huenda ndiye baba wa mpakiaji. Wengine husema ni lazima kuchagua ama malori ama maji, kana kwamba hapana njia ya tatu. Hilo ni kosa lile lile la mwaka 1937 limevaa nguo mpya. Wengine huandika ya kwamba kila mtu ajua mchanga unakwisha, au ya kwamba mtaalamu mmoja amesema, bila kumtaja. Kila mtu huyo ni nani? Mtaalamu huyo ana jina? Afadhali mwanafunzi apime mwenyewe kina cha shimo kwa kamba, aandike tarehe na mahali, kuliko kumwazima mtaalamu asiyekuwako. Na kama ataka kuonyesha ya kwamba njia ya tatu yawezekana, aitaje kaunti jirani ya Makueni, iliyotunga sheria ya kuhifadhi na kusimamia mchanga wake mwaka 2015.

Juu ya kupanga sababu, yafaa ile yenye nguvu iliyo ya pili itangulie na ile kubwa kuliko zote ikae mwisho, na zilizo dhaifu zifichwe katikati au, iliyo bora zaidi, ziachwe. Maswali yasiyotaka jibu yatumiwe kwa nadra. Moja huamsha, matano huchosha, nayo humfanya mwandishi aonekane anagombana na hewa. Tamati ya insha isirudie yaliyosemwa, kwa maana msomaji hajasahau katika kurasa mbili. Iseme ni nani afanye nini: kamati ya maji ya kijiji, au kaunti, au mwenye lori.

Mwanafunzi ajuaye habari hizi asizifungie katika insha ya hoja peke yake. Katika mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, karatasi ya insha humtaka mtahiniwa aandike insha mbili, kila moja ya alama 20, na ile ya lazima mara nyingi ni barua rasmi, au ripoti, au hotuba, au tahariri. Mambo ya mchanga yaleyale huvaa nguo tofauti katika kila namna hiyo. Katika ripoti hakuna mwanamke afukuaye shimo. Kuna idadi ya mashimo na tarehe ya kupimwa. Katika hotuba yumo, na pengine jina la mto hurudiwa mara tatu ili lishike masikioni. Katika barua kwa mkubwa yumo kwa kifupi, na ombi huwekwa mahali ambapo mkubwa mwenye haraka ataliona. Mtahini huona upesi mtu aliyeiandika hotuba akaiita ripoti.

Kwa zoezi la juma hili, msomaji achukue tangazo moja lolote lililobandikwa sokoni, au habari moja iliyoletwa simuni. Aandike katika karatasi dai lake kwa sentensi moja, kisha ushahidi wake, kisha daraja lake kwa maneno yake mwenyewe, hata kama mwandishi hakuliandika. Aweke alama chini ya kila kitendo kisicho na mtendaji. Halafu aandike jibu la aya tatu kwa upande anaoupinga yeye mwenyewe, kwa uaminifu kama wakili aliyelipwa, ampe jirani yake alisome bila kumwambia ni la upande gani. Na jirani akidhani ya kwamba mwandishi ameugeukia upande ule, zoezi limefanywa sawasawa.